Sahani ya Pili

Jumamosi, usiku

Bado naisikia ile sahani ya pili ikigonga meza. Sikuwa nimeiomba. Mama mwenye mgahawa wa sushi, chakula cha Wajapani, hapa mtaani kwangu Makiso, haamini kwamba mwanamke anaweza kutoka kwake kwenda kula peke yake.

"Bwana yako iko njiani?" aliuliza.

Nikasema ndiyo. Ndivyo ninavyomjibu kila mtu tangu nihamie Kisangani: Didier, mchumba wangu, anamaliza kazi Bukavu, anakuja. Wiki ya tatu hii hapokei simu zangu.

Nilimuuliza kama samaki ni mbichi, maana ndivyo nilivyosoma kuhusu sushi. Akacheka mpaka akashika kiti. "Mubichi? Hapa mubichi ni ya paka, mutoto yangu!" Akaleta wali uliobanwa duara, katikati samaki wa moshi, na pilipili pembeni. Nadhani ulikuwa mtamu. Nilitafuna tu.

Baadaye akarudi, akaitazama ile sahani ya pili, bado tupu. "Bon, tumungojee tena, ao niiondoshe?"

Hakuwa na nia mbaya. Ila swali hilo hakuna aliyewahi kuniuliza, hata mimi mwenyewe.

"Ondosha tu, mama."

Nilingoja machozi. Hayakuja. Nikamaliza wali wote, hata ile pilipili.

Niliporudi, kabla ya kuvua viatu, nilipita kwa papa, yule mzee anayenipangisha chumba, nikamrudishia ufunguo wa pili, ule niliokuwa nikimtunzia Didier.