Nafasi ya Sauti ya Kaka

Jumatatu, 7 Juni
Nimechoka. Kutwa nzima mbele ya skrini nyeusi. Kompyuta ya ofisini kwa kaka ni kuukuu — kumbukumbu kilobaiti mia sita na arobaini, na kila programu inagombania humo humo. Kaka macho yalimzimika mwaka jana. Bila ile programu ya sauti inayomsomea, hajui alichoandika. Lakini sauti ikiingia, programu ya barua inagoma: kumbukumbu haitoshi. Meneja ameshasema: Ijumaa kaka aandike barua na kuichapa mwenyewe, la sivyo abaki nyumbani. Ukarani wa miaka yote ile!

Jumatano, 9 Juni
Nimetoa programu ya kipanya, ipatikane nafasi. Kaka akasema afadhali, yeye na kipanya walishaachana bila talaka. Tumecheka kidogo. Kisha nikafuta mstari nisioujua kwenye faili la kuwashia — mashine ikakataa kuwaka. Nikaiamsha kwa disketi. Kupunguza, kuzima, kuwasha, kuangalia imebaki nafasi kiasi gani. Basi. Jioni wifi amepiga simu kutoka nyumbani: kaka chakula hakigusi, anauliza tu kama nimeleta habari.

Alhamisi, 10 Juni
Imekubali! Nimeihamishia sauti sehemu ya juu ya kumbukumbu, kwenye pengo lililoachwa kwa ajili ya vifaa. Kaka akaandika anwani, sauti ikamsomea, kavu kama ya debe. Akainamisha kichwa. Akabonyeza isome tena. Na tena. Nikajifanya natafuta kalamu chini ya meza.

Ijumaa, 11 Juni
Naandika kwenye benchi la ukumbini, mlango wa ofisi umefungwa.

Printa imekufa asubuhi. Wameleta nyingine, na programu ya kuiendesha ni kubwa. Nimejaribu kila njia. Jibu lile lile, kumbukumbu haitoshi. Nikamwomba meneja atusubiri mpaka Jumatatu. Akasema amri si yake, wakubwa wanataka jibu leo. Aliangalia sakafu alipokuwa akisema.

Kaka akaniuliza kimebaki nini cha kutoa. Nikamwekea kidole kwenye kitufe cha kusomea. Akaelewa.

"Itoe sauti," akasema. "Halafu utoke, dada. Wasije wakasema umeniandikia wewe."

Nimeitoa.

Yuko humo na meneja. Vitufe nasikia — polepole, sawasawa. Mara vikasimama. Vimeanza tena. Labda amepoteza mstari, labda anafikiri tu, nani atamwambia? Wifi yuko hapa pembeni, amenishika kiganja, ananong'ona kuniuliza kama anaandika vizuri. Nimemjibu kwamba sijui, na hata kaka mwenyewe hajui.

Sasa vitufe vimekoma kabisa. Kiti kimeburuzwa. Printa bado haijalia.