Atakayefunga Lango

Utne,
mwisho wa Septemba

Shemeji Torgeir,

Nakusalimu, na kupitia kwako namsalimu mkeo Solfrid. Natumaini goti lako limepata nafuu tangu uliposhuka ngazi zangu ukililaani, na kwamba kondoo wenu wameteremka mlimani salama. Mimi huku ni mzima. Mvua imenyesha wiki nzima, leo imekatika, na ng'ambo ya maji ya fiodi theluji ya kwanza imekaa kwenye vilele kama chumvi iliyomwagika. Matufaha yameiva. Mti ule ulio karibu na banda la mashua, ambao Sjur wangu alikuwa akisema kila mwaka kwamba ataukata, ndio uliozaa kuliko yote.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi, na jikoni kwangu pia hukunipa. Barua haikatizwi. Unaweza kuisoma mpaka mwisho au ukaitia motoni iungue, lakini huwezi kuipandishia sauti.

Ulikuja Jumapili bila taarifa. Ulisukuma kando vikombe nilivyokuwa sijaviosha, ukatandaza ramani yako, ukanieleza safari yangu. Kwamba Ijumaa mtanipitia hapa, tutapanda kivuko, na kivukoni tutakula zile chapati nene za siagi na sukari kama watu wote. Kwamba tutashika barabara ya zamani inayopita kando ya maji, si ile ya handaki, ili nione miti ya mibetula ilivyogeuka manjano, na kwamba hewa hiyo itanifaa. Kwamba tutanunua matufaha kwenye meza za barabarani, tuonje mvinyo wa tufaha kwenye shamba moja unalolijua wewe, tulale nyumba ya wageni, na Jumamosi tupande kwenye maporomoko, tupitie malisho yenu ya mlimani, tufike Voss jioni kwa karamu ya vichwa vya kondoo. Kila mahali ulipoweka kidole uliniambia nini kitakuwa kitamu hapo. Hukuniuliza hata mara moja.

Nilisema kwamba barabara ile naijua, Sjur alinipitisha kila vuli. Ukasema Sjur aliendesha gari kama anayepeleka mayai sokoni. Nikasema sina hamu ya karamu. Ukasema, na jirani yangu aliyekuwa akikusanya majani nje alikusikia, kwamba nimejifungia humu ndani mpaka nanuka kahawa. Kesho yake Solfrid akapiga simu kuniambia nije na koti zito, ila uso wa matanga niuache nyumbani, maana watu wanakuja kula.

Namfahamu Solfrid, anachokoza pale anapoogopa. Yeye nimemsamehe kabla ya kukata simu. Wewe bado.

Shemeji, najua kwa nini mnanitaka kwenye meza ile. Watu wa bondeni wamesema. Wamesema ulikuja kanisani siku ya mazishi ya mdogo wako, ukakaa benchi la mwisho ukiwa na koti mwilini, na jeneza lilipotoka ukaingia kwenye gari lako. Nilikuwa nimeoka mkate mwembamba wa viazi, ule wa mama yenu, kwa kuwa nilidhani utakuja kunywa kahawa nasi. Nilikuwekea wewe sahani. Binamu zenu walikula wakitazama kiti hicho. Sasa unataka nikae kwenye kiti cha Sjur mbele ya ukoo wote, nile nusu yake ya kichwa, ili ionekane kwamba hapakuwa na lolote.

Nusu yake. Mama yenu aliwahi kunisimulia jinsi alivyowagawia tangu mkiwa wadogo: kichwa kimoja kimepasuliwa katikati, wewe upande wa kushoto, Sjur upande wa kulia, mkishindana nani atamaliza sikio na jicho kwanza kabla mafuta hayajaganda. Nimewaona hata mkiwa na mvi mnafanya hivyo. Baada ya ugomvi wenu nilikuwa nanunua nusu moja dukani, naichemsha hapa nyumbani. Sjur alikuwa anaanza na sikio kama kawaida, halafu anaigeuza sahani taratibu na kuuliza, "Huyu mwenzake kaenda wapi?" Alikuwa anauliza kwa utani. Kila vuli aliuliza.

Ningeweza kuyameza haya yote. Nimezoea. Nilishaanza hata kufikiria ni sanduku lipi nitachukua. Lakini ulipokuwa unaikunja ramani, kidole chako kilirudi pale kwenye malisho ya mlimani, ukakitazama kiti kilichokuwa chake, ukasema:

"Na pale langoni usiwe na wasiwasi, shemeji. Safari hii litafungwa."

Ukacheka, ukavaa kofia. Mimi nilinyamaza, na ukachukulia kwamba nimekubali. Katika familia yenu mtu akinyamaza mnamjibia wenyewe.

Basi nikukumbushe maneno yako mengine. Ile vuli kondoo walipotoka zizini usiku wa ukungu, wale uliowakusanya mlimani kwa siku nyingi, na wengine wakaanguka bondeni penye maporomoko, ulisimama kwenye karamu ile ile mnayonialika. Ulishika glasi. Ulisema, "Mdogo wangu ana mikono miwili, na hakuna hata mmoja unaojua kufunga lango." Watu walicheka. Baba yenu, Mzee Brynjulv, alicheka mpaka akafuta macho. Sjur aliweka uma chini. Sikio lilikuwa bado kwenye sahani. Alinisaidia kuvaa koti langu, akamshukuru mwenye nyumba kwa chakula, tukatoka. Hakukanyaga tena pale, na wewe hukukanyaga hapa mpaka alipokuwa chini ya ardhi.

Gari letu bado lina vikonyo vya matufaha kwenye dashibodi. Unajua alivyokuwa anakula tufaha lote na mbegu zake, akibakiza kikonyo tu, akikipanga pale mbele ya kioo. Nimelipangusa gari mara nyingi na sijavitoa. Nakuambia hili ili ujue kwamba siandiki kwa hasira pekee.

Sasa sikiliza.

Sjur hakuacha lango wazi.

Jioni ile alipanda mlimani kwa gari, maana hakumkuta baba yenu nyumbani na gumboti zake zilikuwa mlangoni. Alimkuta langoni. Mzee alikuwa amekaa juu ya jiwe, amevaa viatu vya kanisani, ukungu umemlowesha nywele, na lango nyuma yake liko wazi hadi mwisho. Sjur alimuuliza anafanya nini pale. Mzee akamwambia kwamba anamngoja mama yenu, yuko njiani anakuja na gari, na amemfungulia lango mapema ili asilazimike kushuka na goti lake bovu. Mama yenu alikuwa amekwisha kufa, na wewe ndiye uliyebeba jeneza lake upande wa mbele.

Sjur alimwingiza garini kwanza, kwa sababu alikuwa anatetemeka. Akampeleka nyumbani, akambadilisha soksi, akamlaza. Kisha akarudi kulifunga lango. Unajua ulimkuta na nini mkononi ulipofika na tochi yako: alikuwa ameshika komeo, na kondoo zizini walikuwa wamebaki nusu. Hukuuliza. Ulianza kutukana kabla hujazima gari.

Na kwa nini hakusema? Wiki ile ile ulikuwa umetuambia, mbele ya Solfrid, kwamba mzee akikosea mara moja tena atakwenda nyumba ya wazee mjini, kwamba huwezi kulinda kondoo na baba kwa pamoja. Hukuwa mbaya kusema hivyo. Ulikuwa umechoka, nami niliona ulivyochoka. Lakini Sjur alijua kwamba wewe ukishasema hurudi nyuma. Akahesabu kwamba wewe utamkasirikia yeye kwa kipindi kimoja cha baridi, na mzee atafia kwenye kitanda chake. La mzee alipatia. Baba yenu alifia chumbani kwake akitazama mlima, na bonde zima linakusifu kwa hilo mpaka leo. Sifa hiyo Sjur aliilipia, na wewe ulikuwa unaivaa Jumapili.

Mzee alipokufa nilimwambia, sasa mwambie kaka yako. Alikuwa anachonga mpini wa shoka hapa nje. Alisema baba amezikwa na watu wanaoamini alikuwa na akili zake timamu, na yeye hatamfukua. Nikamsukuma tena. Ndipo akanijibu neno ambalo nimelibeba peke yangu tangu hapo, na ambalo sasa nakukabidhi, maana ni lako:

"Torgeir akiniuliza, nitamwambia. Hata akiuliza mara moja tu."

Alikungoja, shemeji. Alikungoja akiwa kazini kwake kivukoni, kila mara gari lako lilipopita mbele yake naye akikuelekeza mstari wa kuegesha kama abiria yeyote, wewe ukitazama mbele na kioo kimefungwa. Alikungoja hospitalini. Simu ilipolia alikuwa anageuza kichwa. Mwishoni aliacha kugeuza kichwa, akawa anageuza macho tu.

Hakuniapisha ninyamaze. Alisema nitajua mwenyewe. Nilidhani nitakaa nalo mpaka niwafuate, kwa sababu kumchoma mtu kwa jina la marehemu si tabia yangu, na kwa sababu na mimi nilimpenda baba yenu. Lakini mnataka kulifanya lango lile kuwa mzaha wa mezani tena, safari hii mwenyewe hayupo wa kuweka uma chini. Hilo sitalikubali.

Kwa hiyo safari naikubali, ila mpango ni wangu.

Njoo peke yako Jumamosi. Solfrid atangulie Voss, tutamkuta. Gari tutakalopanda ni letu, na nitaendesha mimi, polepole, kama anayepeleka mayai sokoni. Kivukoni tutakula chapati, kwa maana njaa haina ugomvi na mtu. Tutasimama kwenye meza ile ya matufaha iliyo kwenye kona, ile yenye kopo la kutumbukizia hela, na utachagua tufaha moja ulile lote. Kikonyo utakiweka pamoja na vingine. Kisha tutapanda mpaka malishoni, na tukifika langoni nitasimamisha gari. Wewe ndiye abiria, na kwetu abiria ndiye anayeshuka. Utafungua, nitapita, utafunga. Jiwe liko pale pale, mkono wa kulia. Ukitaka kukaa juu yake kidogo, kaa. Nitakungoja, sina haraka, na sitakutazama.

Jioni nitakaa kwenye kiti cha Sjur. Kabla sahani hazijaletwa utasimama kama ulivyosimama siku ile, na utawaambia watu wale wale kwamba mdogo wako alijua kufunga lango. Si lazima umtaje baba. Sjur hakutaka atajwe, nami nimekuandikia wewe tu. Tafuta maneno, wewe hujawahi kuyakosa. Ukisema hivyo nitaanza na sikio kabla halijapoa, na nusu ile ya kulia nitaimaliza.

Usiposema, nitavaa koti langu, na safari hii hakuna wa kunisaidia kulivaa. Nusu yake wape mbwa, na njia ya kuja Utne uisahau.

Nifikishie salamu kwa binamu zenu wote wa bondeni, na umwambie Solfrid kwamba koti zito ninalo, na uso nitakuja nao huu huu. Lichue goti kwa mafuta, mlimani kuna baridi. Matufaha ya mti wa banda la mashua nimewawekea ndoo moja. Utaikuta ngazini, hata kama hutabisha hodi.

Ni mimi shemeji yako, mjane wa mdogo wako,

Oddny