Mzigo Kakojoa Tena Ukumbini

Jumanne. Mvua imepiga tangu alfajiri ikaja kukatika adhuhuri. Ua wangu wote ni matope na nyayo za mbwa. Miguu inauma, ila roho leo imetulia, na asubuhi haikuwa hivyo.

Mimi sikusoma, mnaopita humu mwajua. Nasema, simu inaandika, mjukuu wangu Dama anapanga mistari. Nimemkataza kunilainishia maneno.

Mzigo ni mtoto wa mbwa wa aina ya jamani shepadi, wale wa polisi. Mwanangu Katana, dereva wa lori la makontena, ndiye aliyemleta, baada ya wezi kunibebea kuku wote na mtungi wa gesi mchana kweupe nikiwa kanisani. Alisimama mlangoni kakumbatia boksi. "Mama, nimekuletea mzigo. Fungua taratibu." Jina likakaa papo hapo. Nyayo zake kama mahamri. Sikio moja limesimama, la pili bado linafikiria. Anakunywa maji kama ng'ombe, na yakiingia lazima yatoke, na yakitoka si ya paka.

Ni dimbwi.

Nyumba yangu hapa Changamwe ina vyumba pande mbili, ukumbi katikati. Upande mmoja nakaa mimi, wa pili anakaa Mwanaidi. Watu humwita mpangaji wangu. Waache waseme. Mwanaidi ndiye aliyenilaza kifuani mwake nilipomzika mume wangu, na mimi ndiye niliyesimama mlangoni na mwiko mkononi siku mumewe aliporudi na mke mwingine na godoro. Godoro lilirudi lilikotoka. Tangu siku hiyo jina la mwanamume yule halitajwi humu ndani.

Sasa, Mwanaidi ni mtu wa sala tano. Mkojo wa mbwa, mate ya mbwa, kwao ni najisi nzito. Kilichoguswa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hilo nalijua miaka yote tuliyokaa pamoja, na bado nikapokea boksi. Nilijiambia, nitamfunza mbwa upesi.

Mwanzo nilimfunza kwa ndara. Nikikuta dimbwi, namvuta, namwonyesha, namchapa. Alichojifunza ni kwenda kukojoa nyuma ya kochi nisimwone. Yule daktari wa mifugo wa pale stendi alinitazama kwa huruma. Mama, akasema, hapo unamfundisha kukuogopa, choo bado. Mtoe nje akiamka, akishakula, akimaliza kucheza. Mpeleke mahali pamoja. Mwambie neno moja fupi, lilelile kila mara, na akikojoa mpe kitu kidogo palepale. Akikosea ndani, nyamaza. Pangusa kwa maji na siki harufu iondoke, maana akiinusa tena atapafanya choo chake.

Nikairudisha ndara mguuni.

Kila alipoamka tulitoka uani, mimi na khanga begani, yeye na tumbo lake kama ngoma. Tulisimama chini ya mpapai. Haya baba, nikawa namwambia. Haya. Haya basi. Akichuchumaa nampa dagaa mmoja. Alielewa haraka, mjanja yule! Baadaye hata sikumaliza kusema, keshachuchumaa, kisha anakuja kukaa mbele yangu anautazama mkono wangu.

Nje alikuwa mwanafunzi bora. Ndani ndiyo balaa.

Na hakukuwa na mpango. Nazungumza na Katana kwenye simu, namaliza, nageuka, dimbwi. Mgeni anaaga, dimbwi. Mchungaji wetu alikuja kuniombea miguu, hata macho hatujafumba, dimbwi limefika kwenye viatu vyake. Nikapangusa kwa siki mpaka nyumba ikanuka achari. Kilichoniudhi zaidi, akishakojoa ukumbini anakuja kukaa mbele yangu vilevile, mkia unafagia sakafu, macho mkononi mwangu. Nikasema huyu ni fidhuli. Anakojoa kwangu, halafu anadai.

Wiki iliyopita Mwanaidi alikuwa mlangoni kwake anazungumza na bintiye kwenye simu, mswala wake kaukunja juu ya kigoda, upande umening'inia. Alipokata simu tu, Mzigo akaja pale na kuulowesha.

Angepiga kelele ningepona. Hakupiga. Aliuchukua uani, akauosha mara zote saba, mgongo kanipa. Siku ya pili akaniambia, sauti ya chini kabisa, "Wallahi Mama Katana, nakupenda. Lakini sala yangu si ya kubahatisha. Ijumaa ya wiki ijayo nahamia kwa binti yangu Mishomoroni."

Nikajifanya nasonga ugali.

Basi nikampigia Katana. Njoo Jumanne umchukue mbwa wako. Sikumwambia kwamba Mzigo hulala na kichwa juu ya mguu wangu ule unaouma, na kwamba maumivu hupungua. Mbwa utapata mwingine. Mwanaidi nitampata wapi?

Lakini Mwanaidi alishaanza kufunga vitu. Nilisikia sufuria zikiingizwa kwenye gunia. Nikafikiri, huenda nimechelewa, nitabaki bila mbwa na bila shoga.

Leo mvua ilipokatika alikuja kusimama mlangoni kwangu. Hakuingia. Alitaka mbuzi yake ya nazi, niliyoiazima siku nyingi nikajisahaulisha. Nikamletea. Akaishika. Tukatazamana kama watu wawili waliokutana zahanati. Nikamwambia Katana anakuja jioni na kamba. Akatikisa kichwa, macho chini. "Haya, Mama Katana," akasema, akageuka.

Mzigo akatoka chini ya meza. Akachuchumaa katikati ya ukumbi. Akakojoa, taratibu, kwa bidii, kama mtu aliye kazini. Kisha akaja kukaa mbele ya Mwanaidi, akautazama mkono wake.

Mimi nilishika kichwa. Mwanaidi hakusogea.

"Anataka nini huyu?"

"Dagaa," nikasema. "Huwa nampa dagaa akikojoa nje."

"Unamwambiaje huko nje?"

"Si namwambia tu, haya, haya baba..."

Mzigo akarudi palepale, akachuchumaa. Hakuwa na kitu tena. Akajikamua matone mawili, masikini, akanitazama kuona kama yanatosha.

Mwanaidi akaiweka mbuzi ya nazi juu ya meza yangu, akashika mbavu kwa kicheko. "We Mama Katana! Mombasa nzima hii, umechagua haya? Tukiagana haya, tukikubali haya, tukigombana haya! Mbwa wa watu afanyeje? Huyu si mkaidi, huyu ni mtiifu kupita watoto wako!"

Nikaketi. Yote yakanijia. Simu ya Katana, nilimalizia na haya. Mchungaji alisema haya, tuombe. Na Mwanaidi mwenyewe, siku ile ya mswala, alimuaga bintiye vipi? Nilipomuuliza akafunika mdomo kwa mtandio.

Kumbe miezi hii yote mbwa alikuwa anafanya nilichomwomba, halafu nanuna.

Katana alifika jioni na kamba mkononi. Nikamwambia kamba akafungie lori lake, mbwa haendi. Akatutazama, mimi, Mwanaidi, mbwa, siki. Mwanangu hana maswali mengi. "Haya, Mama," akasema, na sisi wawili tukapiga kelele pamoja, "Usiseme!"

Tulichelewa. Kiatu cha Katana kilikuwa kipya.

Mwanaidi alicheka mpaka akavuta kigoda, akakaa mlangoni kwangu, kwa mara ya kwanza tangu siku ya mswala. Akanipa masharti yake palepale. Mzigo asipite upande wake, nimwekee ubao. Ukumbi niuoshe mimi, vizuri, kama anavyoosha yeye, udongo na yote. Na neno libadilishwe leo hii. Nikakubali yote. Nilitaka kukubali kwa neno lenyewe, nikaling'ata.

Neno gani sasa? Nilitaka amina, akanitazama kwa jicho kali, na kweli, nikamwona Mzigo kanisani. Katana akasema choo. Nikamwambia kila mgeni huuliza choo kiko wapi. Lazima liwe neno ambalo humu nyumbani halitoki kinywani mwa mtu, usiku wala mchana.

Nilimwona Mwanaidi anatabasamu upande mmoja wa mdomo.

"Sefu," akasema.

Jina lile la mwenye godoro. Miaka yote hii sijawahi kumsikia akilitaja. Nilidhani likitajwa kuta zitapasuka. Mzigo akainua sikio moja, lile linalosimama.

Najua halitamwingia kwa siku moja. Haya yangu itanitoka mara ngapi kabla ya hapo? Mdomo huu nimeuzoesha vibaya kuliko mbwa. Ukumbi utalowa tena, siki itaisha, na mimi nitanyamaza, nitapangusa, nitamtoa nje. Siwezi tena kumkasirikia. Na habari ya kuhama Ijumaa sikumuuliza Mwanaidi. Niliogopa kuuliza.

Lakini alipoondoka kwenda kusali magharibi, mbuzi ya nazi aliiacha mezani kwangu.

Kesho, inyeshe isinyeshe, nitasimama chini ya mpapai na dagaa mkononi, nilitaje jina la Sefu kwa sauti, Mwanaidi alisikie dirishani kwake, na jina hilo likojolewe inavyostahili.