Kengele Iliyonyamaza Jumapili

Shangazi Dafroza, shikamoo. Naomba msaada wako, maana nikimwambia mtu wa hapa nitakuwa nimemsaliti kaka yangu, na nisipomwambia mtu sipati usingizi. Ninatunza friji ya chanjo kwenye zahanati ya kambi ya wakimbizi, kazi ambayo kaka Leonidasi, fundi umeme wa hapo, ndiye aliyeniombea, na mwezi wa tano alifunga kwenye friji kengele ya kulia joto likipanda, akaniambia niache kufungua mlango kusoma kipimajoto maana baridi inatoka, kengele ikinyamaza basi kuko salama, nami nikaamini, hata kwenye karatasi ya mlangoni, panapotakiwa namba asubuhi na jioni, nikawa naandika "salama" tu.

Jumatatu iliyopita nilitoka kwetu Mabawe nikakuta jenereta inaunguruma na kengele iko kimya, nikaandika "salama", nikajaza na nafasi za Jumapili ambayo sikuwepo, tukabeba chanjo za surua tukachanja watoto sitini na watatu, akiwemo Ineza, binti wa mama mmoja anaitwa Generoza, ambaye alinishika mikono yote miwili akanishukuru kwa sababu mtaa wa jirani surua imeshaingia. Kesho yake mlinzi wetu, mzee Ndikumana, akaniambia kama anayepiga soga, "Jenereta ililala tangu Jumamosi jioni mpaka juzi Jumapili saa tisa mchana, mwanangu, hata ndege niliwasikia." Nikamuuliza mbona hakutuma mtu, akasema, "Kengele haikulia. Nikajua friji haina neno."

Kumbe kaka aliifunga kengele kwenye umeme uleule wa friji, kimoja kikizimika vyote vinazimika. Nilipomwambia akakaa chini, akasema ninyamaze, ataweka betri na kifaa kingine cha kuiangalia kengele, joto likipanda chenyewe kiwashe jenereta ya akiba, chenyewe kiizime, bila kumsumbua mtu, na hakuna atakayejua. Daktari Aristides, mkuu wa zahanati, akijua, kaka atafukuzwa, na ndiye aliyenilea tangu mama afariki. Je, nimwachie atengeneze hiyo mashine inayojiangalia na kujitibu, yaishe?

Mtunza Friji, Mabawe

*

Marahaba, mwanangu. Majina nimebadilisha yote, kwa hiyo tulia usome. Kuandika "salama" mahali pa namba ni uzembe, na kujaza Jumapili ambayo hukuwepo ni uongo. Lakini mwenye nia mbaya asingeniandikia, na nakuonea huruma kweli.

Tuanze na mashine, maana ndiyo uliyoniuliza, ingawa siyo inayokunyima usingizi. Wazo la kaka yako si baya. Betri aiweke. Jenereta ya akiba ijiwashe, kwa nini imsubiri mtu aliye mbali? Ila mashine inayojiangalia, ikajitibu, kisha ikajishuhudia kwamba imepona, hiyo imekuwa mgonjwa, daktari na shahidi kwa pamoja. Ijiwashe, na bado ilie, na anayeisikia awe mtu.

Wala msingoje kilio tu. Hapo kwenu kengele ya kanisa hulia kila asubuhi, na siku isipolia watu huuliza katekista ana nini. Yenu mliizoesha kunyamaza, ikafa, mkaona imeridhika. Mwambie Leonidasi ailize kila siku saa moja asubuhi, na mzee Ndikumana asipoisikia aje akuite. Wewe fungua mlango mara mbili kwa siku, soma, andika namba. Baridi itakayotoka ni kidogo kuliko iliyotoka Jumapili.

Sasa watoto. Huenda chanjo ilikuwa nzima. Mimi sijui, wewe hujui, fundi hajui. Anayeweza kujua, au kuamua wachanjwe upya, ni Daktari Aristides, na ndiye mliyemficha. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa maradhi mnayoyaficha si yenu, ni ya Ineza.

Chukua karatasi ya mlangoni na orodha ya watoto sitini na watatu. Pitia kwanza kwa kaka yako, umwambie unakwenda, ili apate nafasi ya kwenda pamoja nawe. Akikataa, nenda. Anza na kosa lako mwenyewe, ndipo useme la waya. Huenda akafukuzwa kazi, sitakudanganya. Amekulea, mheshimu kwa kutomwacha aishi na jambo hili moyoni.

Muhuri wa posta unaonyesha barua yako imekaa njiani siku tisa, ndiyo maana jibu hili limekuja kwa mkono, na gazeti litafuata. Zaidi ya siku tisa Generoza ameamini mwanawe ana kinga, na wewe umekaa kimya. Unamlaumu Leonidasi kwa kuifunga kengele kwenye waya wa friji. Mwanangu, na wewe umefungwa kwenye waya wa Leonidasi. Alipozimika, ukazimika.

Usingoje barua nyingine kutoka kwangu. Lia leo, daktari asikie.