Pipa la Viroboto wa Maji

Jumatatu, 8 Novemba 1993

Nimechota viluwiluwi vya mbu kabla ya kwenda shule, kama kawaida. Nachotea soksi ndefu ya nailoni ya mtumba, niliyoishona kwenye waya wa kutundikia nguo. Mwenye soksi alikuwa na mguu kama mlingoti. Mimi hainifiki hata magotini kwa unene, kwa hiyo imepata kazi inayoifaa.

Mwenyekiti kawala wote. Ni samaki dume, hafiki urefu wa kidole changu, ubavu wa buluu, mkia mwekundu kama pilipili. Nimemwita Mwenyekiti kwa sababu kazi yake ni kujitanua na kuzunguka. Wake zake wameshakufa. Sasa anakizungukia kivuli chake kwenye kioo cha tangi lake.

Hali kitu kisichotembea. Shemeji alileta kopo la chakula cha samaki kutoka Dar, lina picha ya samaki mnono wa dhahabu. Siku hizi kila cha nje ni kizuri, hata vumbi. Mwenyekiti akaweka mdomoni, akatema. Nilimpenda zaidi siku ile.

Basi chakula chake nafuga mwenyewe. Makopo ya viluwiluwi chini ya mpapai. Chupa ya majani makavu ya mgomba yaliyolowekwa, vinamozaliwa vidudu ambavyo macho yangu hayavioni bila miwani. Na pipa la viroboto wa maji nyuma ya nyumba, maji ya kijani, samadi kidogo, wanarukaruka humo kama vumbi lenye uhai. Linanuka. Sikatai.

Mawingu upande wa milimani.

Jumatano, 10 Novemba

Bwana Afya amekuja. Ni Raimondi, nilimfundisha darasa la tatu. Alikuwa hawezi kukaa kitako, na bado.

Shikamoo Mwalimu. Marahaba, Raimondi, mama hajambo? Akajibu yote kwa adabu, kisha akainama kwenye makopo yangu.

"Mwalimu, unafuga mbu."

"Nafuga. Ila wangu wanaliwa kabla ya kuota mbawa. Wa kwako wanaliwa na nani?"

Hakucheka. Akasema maji yote yaliyosimama yamwagwe kabla wiki ijayo haijaisha, la sivyo atakuja kumwaga mwenyewe. Amri ni ya mtaa mzima wa Magomeni, hapa Kilosa. Nikamwambia nitafunika kwa chandarua. Akasema amri haikutaja chandarua.

Nimekasirika. Nimekata chandarua cha zamani na kukifunga juu ya kila chombo. Simwagi.

Jumamosi, 13 Novemba

Baba Joni kafika nyumbani kutoka kazini Mikumi, gereji imefungwa mapema. Anasema pampu za mafuta zimeshasimikwa pale pale.

Pale pale ni kwenye dimbwi la nyuma ya kambi nilikozaliwa. Kila kiangazi lilikauka, samaki wa jamii ya Mwenyekiti wakafa wote, mayai yakabaki kwenye tope yakingoja mvua. Tukiwa watoto tuliwavua kwa kanga, tukagombania mikia. Mwezi wa saba malori yakaanza kumwaga kifusi. Kituo cha mafuta, nyumba ya wageni, maendeleo. Mimi na Baba Joni tulienda na jembe tukachimba mfuko mmoja wa tope mbele ya lori lililokuwa likitupigia honi. Dereva alidhani tunatengeneza jiko.

Nimetafuta madimbwi mengine njia nzima ya Kilosa hadi Mikumi. Sijaona mkia ule. Waliobaki ni Mwenyekiti na mfuko wa tope, unaoning'inia stoo kati ya maharage na vitunguu.

Mvua imenyesha jioni. Nimeshindwa kuvumilia. Nimelitia tope kwenye beseni na kumwagia maji ya mvua. Lote. Mtu mwenye akili angebakiza nusu. Baba Joni aliniuliza kama nimebakiza, nikajifanya sijasikia.

Jumapili, 14 Novemba

Wametoka. Nimerudi kanisani na kofia bado kichwani, nikainamia beseni. Kama koma za kwenye daftari, zenye macho. Kadhaa, halafu nyingi. Nimewatilia matone ya maji ya mgomba, wakaanza kudonoa.

Nimelia kidogo. Baba Joni kaniletea chai, kasema hata Joni alipozaliwa sikulia hivi. Si kweli. Nililia zaidi, lakini yule alikuwa mkubwa.

Beseni nimeliweka chumbani, dirishani, mbali na kuku.

Jumanne, 16 Novemba

Homa. Viungo vinauma. Hospitali wamesema malaria. Mfuga mbu kaumwa na mbu. Mtaa utakula sikukuu mapema mwaka huu, kwa kunicheka.

Inawezekana mmoja alinitoroka. Naandika hapa, sitamwambia Raimondi.

Klorokwini inaniwasha hadi nyayo. Baba Joni yuko Mikumi.

Alhamisi, 18 Novemba

Nimeinuka. Afadhali ningelala.

Jana akina mama wa kanisa walikuja kunihudumia. Mama Yusta, mwenyekiti wao, akiwa mbele. Wamefua shuka, wamepika, wamefagia uwanja. Niliwasikia wakiimba nje nikaona raha, nikageukia ukutani.

Walikuwa wanasugua pipa langu. Sabuni ya mche na mchanga. Wamemwaga viroboto wote kwenye mfereji, wamesuuza mara tatu, wamejaza maji ya bomba hadi juu. Makopo yameoshwa na kupangwa kwa ukubwa. Chupa ya mgomba imewekwa maua.

Mama Yusta kaja leo na uji wa ulezi na mayai sita. "Mwalimu, na wewe utapona vizuri sasa, ule uvundo umeondoka."

Nilisema asante. Ningesema nini? Mtu ameacha shamba lake wakati wa kupanda aje kunisugulia pipa. Nilitaka kumkasirikia mtu na sikumpata. Hilo limeniuma kuliko homa.

Raimondi kapita kukagua. Kakuta pipa linang'aa, kawapongeza.

Beseni limepona kwa kuwa lilikuwa chumbani na mgonjwa. Lakini watoto wa samaki wanakula nini? Maji ya mgomba niliyokuwa nayo humu ndani yamekwisha asubuhi. Kuloweka majani mapya ni siku kadhaa. Matumbo yao yameingia ndani. Hawana siku kadhaa.

Ijumaa, 19 Novemba

Kiini cha yai, nimekisaga kikawa unga. Kimezama, hawakukitazama. Kimechafua maji tu.

Nimejifunga kitenge nikaenda na soksi yangu hadi nyuma ya ofisi ya Raimondi. Mfereji wao umeziba tangu mwaka jana. Maji yamesimama vizuri kabisa, na viluwiluwi vya kuanguliwa leo, vyembamba kama uzi. Nimechota kijiko kizima mbele ya karani wao. Aliniuliza nimepoteza nini. Nikamwambia nafanya kazi ya Bwana Afya, yeye kachelewa nayo.

Waliokula ni wakubwa wachache. Wadogo wamekimbia.

Jioni kaja Mama Kulwa, Msukuma anayetuletea maziwa mgando kutoka upande wa Kisanga. Mtaani wananunua maziwa yake na kumsema kwa ng'ombe zake wanaoingia mashambani, humo humo katika pumzi moja. Aliniona nimekaa chini sebuleni na miwani mbili, moja juu ya nyingine. Nikamweleza. Vidudu, vidogo, vinarukaruka ndani ya maji, rangi kama ya kutu.

Akacheka mpaka akaweka ndoo chini. Lambo lao la kunyweshea ng'ombe limejaa hao. Kila asubuhi wanawake wanachuja maji ya kunywa kwa kanga kwa sababu yao, wanakung'uta kanga majanini.

"Sisi tunawamwaga, Mwalimu, na wewe unawalilia. Njoo kesho. Tutakupa kanga nzima."

Jumamosi, 20 Novemba

Kisanga, kwa lori la mbao. Miguu kama ya kuazima, mwili unawasha, kidumu mkononi. Konda aliniuliza kama naenda kununua pombe. Nikamwambia supu.

Maboma yao yako mbali na barabara. Wakulima niliowauliza njia walinionyesha kwa kidevu tu na kuniuliza ng'ombe wao wamenilia nini. Sijaliwa kitu, nikasema. Nakuja kuomba. Hawakuelewa, nami sikuwa na nguvu za kufafanua.

Mama Kulwa na wakweze wawili walikuwa wamenisubiri, hawajachuja. Wakatandika kanga kwenye mdomo wa ndoo, wakamimina maji ya lambo polepole. Kitambaa kikabaki na uji mwekundu unaotetemeka. Wakageuza kanga juu ya kidumu changu. Viroboto wa maji, wengi kuliko niliopata kuwa nao mwaka mzima. Wakarudia hadi nikasema basi. Bibi mmoja wa pale kaniuliza kwa Kisukuma, Mama Kulwa akatafsiri: mumeo anakula hivi?

Baba Joni kanikuta barabarani na pikapu ya gereji, katoka Mikumi. Kanitazama na kidumu changu kifuani kama mtoto mchanga. Kaendesha taratibu kwenye mashimo yote.

Tumefika, nimechuja kwa soksi yangu ile ile. Wakubwa wamebaki ndani, watoto wa viroboto wamepita. Hao ndio nimewatia kwenye beseni. Samaki wametulia kwanza. Kisha mmoja kajikunja, kadaka. Halafu wote.

Matumbo yamekuwa ya waridi. Wengine niliwakuta chini wameshakufa. Wengi wako hai.

Jumapili, 21 Novemba

Sikwenda kanisani. Nimelichafua pipa. Mchana kweupe, watu wakitoka ibada, nimekoroga samadi kwa mwiko wa zamani na kuwatia humo viroboto waliobaki. Chandarua juu, kamba, mfuniko wa mbao. Mama Yusta kapita akasimama. Nikamsalimu. Akanisalimu. Kaenda zake, mgongo ukiwa umenyooka sana.

Najua nimemuudhi. Pipa linabaki.

Jumatatu, 22 Novemba

Raimondi kaja na vijana wawili na ndoo. Kaambiwa.

Shikamoo. Marahaba. Nikachukua madaftari ya darasa la nne, nikapanda juu ya mfuniko wa pipa, nikakaa. Nikaanza kusahihisha.

"Mwalimu, tafadhali shuka."

"Chungulia chandarua umtafute mbu mmoja mwenye mbawa. Ukimwona nitashuka. Usipomwona, nenda kazibue mfereji wa ofisini kwako, nimechota humo Ijumaa na karani wako shahidi."

Vijana wakatazama chini. Raimondi kaja hadi karibu, kachungulia pembeni mwa chandarua upande mmoja, upande wa pili. Kachungulia kwa muda mrefu. Nilikuwa natoa jasho kama mtoro. Malaria haijanitoka vizuri, na makalio yangu hayakuumbwa kwa mapipa.

Akasema amri ni amri. Nikamwambia anishushe basi. Kusema kweli, angenivuta mkono ningeanguka mwenyewe. Hakunigusa. Mikono yake aliiweka nyuma, kama nilivyomfundisha.

Hapo Mama Yusta katokea na kigoda na ungo wa mchicha. Kaketi kando ya pipa, bila kunitazama wala kumtazama Raimondi. Kaanza kuchambua. "Mimi uvundo wa Mwalimu siupendi hata kidogo," kasema, akiuambia mchicha. "Ila kama ni kumwaga, nitamwaga mimi. Si nyinyi."

Waliondoka. Raimondi kasema ataleta barua. Alete.

Tulikaa hadi jua likapungua. Hatukuzungumzia pipa. Kabla hajaondoka aliomba kuwaona hao samaki. Aliinama kwenye beseni kwa muda. Kauliza kama ni kweli hao ndio wa mwisho. Nikasema sijui, ila sijaona wengine. Akasema ningewaambia siku ile waliposafisha. Nikasema nilikuwa na homa. Akasema hata kabla ya homa.



Jumapili, 5 Desemba

Mwenyekiti amekufa. Uzee. Nimemzika chini ya mpapai, kwenye kivuli cha makopo yake.

Barua haijaja. Mfereji wa ofisi umezibuliwa. Nimepita makusudi kuutazama.

Madume wadogo wameanza kuonyesha mkia. Bado ni doa tu, kama wino umemwagika. Wanakula viroboto wazima sasa. Wanapigana.

Jumamosi, 18 Desemba

Kisanga. Mvua imenyesha juzi na jana. Baba Joni kanipeleka, kaegesha barabarani, tumetembea kwenye matope na ndoo moja katikati yetu.

Juu kidogo ya lambo kuna dimbwi ambalo hukauka kila mwaka. Ng'ombe hawalifikii, jembe haliliwezi, udongo mweusi. Mama Kulwa alilionyesha. Wanawake huchota humo mvua zinapoanza, ni maji masafi kuliko ya lambo.

Nusu ya samaki wako nyumbani, kwenye kioo. Nusu nimewaleta. Nimejifunza nusu.

Nimeinamisha ndoo ikagusa maji. Wamekaa mdomoni mwa ndoo kidogo, mikia myekundu, kisha mmoja katoka, na wengine wakamfuata. Maji ya kahawia. Hawakuonekana tena.

Tumesimama. Nzi, vyura, Baba Joni akipangusa viatu kwa majani.

Mama Kulwa alikuwa amekuja na kanga yake na ndoo, kama kila asubuhi. Kaliangalia dimbwi, kaikunja kanga, kaiweka begani. Akasema kuanzia leo atachota kule chini lamboni, kwa ng'ombe.