Jagi la Lita Hasi Thelathini na Nane

Nyumbani kwa Ndwiga,
Kiritiri, Mbeere Kusini.
Jumapili, 7 Juni 2026

Mpendwa wifi yangu Njoki,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani, na za jua pia, maana mvua ilituaga mapema. U hali gani huko Doha? Mgongo uliokuwa ukikusumbua kwa kuinua wagonjwa umepoa? Sisi tu wazima. Kaka yako Ndwiga ana kikohozi kidogo ambacho hataki kipimwe, nawe unamjua. Mama ni mzima, na ulimi wake ni mzima zaidi.

Ndengu tumevuna magunia manne. Binti yetu Ciku anamaliza kidato cha nne mwaka huu huko bwenini, na kila akiazima simu ya mwalimu ni kuomba sabuni.

Barua hii ataileta binamu yako Adrian, anayesafiri Alhamisi. Utashangaa kwa nini sikupiga simu. Wifi, kwenye simu hunikatiza. Jambo hili nataka ulisome hadi mwisho kabla hujanigombeza.

Nataka kuacha masomo.

Haya, nimesema. Unakumbuka Desemba ulivyonishika mkono ukaniambia kwamba mtu aliyepima watoto wa kijiji miaka tisa kwa kujitolea hawezi kushindwa na mtihani wa kidato cha nne? Nikajiandikisha. Kiswahili kinakwenda, bayolojia inakwenda. Lakini bila hisabati chuo cha afya hakinipokei, na mtaala huu wetu wa zamani unafika mwisho. Nisipopita sasa, sijui kama nitapata nafasi nyingine. Nina miaka arobaini na mmoja, na naona haya kukuambia kwamba vilivyonishinda ni ndoo na jagi.

Swali lenyewe ni hili. Ndoo mbili na jagi moja hubeba lita kumi na mbili. Ndoo moja na majagi matatu hubeba lita kumi na moja. Ndoo ni lita ngapi, na jagi ni lita ngapi? Nilipomsomea Mama aliniuliza, "Kwani hao watu hawana maji wapime?"

Mwalimu wetu ni kijana anayeitwa Salesio. Hutufundisha Jumamosi katika ukumbi wa kanisa. Yeye anasema ndoo iitwe x, jagi liitwe y, kisha tutumie njia ya kuweka badala. Kwanza useme y ni nini. Y ni kumi na mbili toa x mbili. Hapo ndipo nilipoanza kupotea. Jagi langu linawezaje kuwa kumi na mbili toa ndoo mbili? Ndoo imeingiaje kwenye jagi? Lakini kwa kuwa wengine wote waliandika, nami niliandika.

Halafu unaiondoa y na kuweka hayo maneno marefu mahali pake. Nikaweka. X mbili, jumlisha kumi na mbili, toa x mbili, sawa na kumi na mbili. X zote zikafa, nikabaki na hii:

12 = 12

Wifi, nimelifanya swali hilo majuma mawili. Asubuhi kumi na mbili ni kumi na mbili. Jioni ni vilevile. Nilipomwonyesha Salesio alitabasamu. "Hiyo ni kweli, mum, lakini haikuambii kitu," akasema, akageukia ubao. Wenzangu darasani ni vijana wanaorudia mtihani, rika la Ciku, na wote walikuwa wakiandika tu kama watu wanaojua. Niliona haya kuuliza tena. Jana nilimwambia Salesio kwamba sitamsumbua zaidi, nikachukua daftari langu nikatoka.

Kwa hiyo naomba uniruhusu. Wewe ndiwe uliyenisukuma, na wewe ndiwe ninayemwogopa. Kichwa changu kimechoka, wifi.

Jumanne, 9 Juni

Barua sikuifunga. Ngoja nikueleze ya jana, ingawa sina hakika kwamba nimeyaelewa.

Tulikuwa na beberu mweupe aliyezaliwa hapa mwaka jana. Ni mzuri mno, nami nilitaka tubaki naye awe baba wa kundi. Mama alinitazama kana kwamba nimempakulia chakula kibichi. "Winrose, kwenu Kianjai hamfugi mbuzi? Mama yake yuko humu. Dada zake wako humu. Atazaa nini humu? Mpeleke kwa Gachoki, uje na wake." Unajua sisi na Gachoki, yule jirani wa ng'ambo ya korongo, tumebadilishana mabeberu tangu zamani ili damu isirudi nyumbani.

Basi nikamkokota. Katikati ya korongo akagoma, nami nikawa namkaripia. Namwambia huko ulikozaliwa huna kazi, kazi yako iko kwa watu wengine. Maneno hayo yakanirudia mwenyewe. Y yangu niliitoa katika mlinganyo wa kwanza, na majuma mawili nimekuwa nikiirudisha mle mle ilimozaliwa! Kumbe kwao haizai kitu. Ilitakiwa iende kwa mlinganyo wa pili.

Nikamfunga beberu kwenye kichaka, nikatoa kalamu na kuandika kiganjani. Ndoo moja na majagi matatu. Nikaweka badala. Safari hii x haikufa! Nikapata ndoo ni lita ishirini na tano.

Nilifurahi mpaka nilipotafuta jagi. Jagi lilikuwa lita hasi thelathini na nane. Nilimfikisha beberu kwa Gachoki, nikarudi na wake, nikaingia jikoni nikachukua jagi la Mama na kuchungulia ndani nione hiyo hasi ingekaa wapi. Mama akaniuliza kama kuna inzi.

Niliketi pale pale jikoni hadi chai ikapoa. Mwishowe nikaona. Majagi ni matatu, na kila jagi linakuja na "toa ndoo mbili" yake. Mimi nilizidisha kumi na mbili kwa tatu, zile x mbili nikaziacha hivyo hivyo. Nikazizidisha nazo, zikawa sita. Ndoo ikawa lita tano. Jagi, lita mbili. Nikajaribu mlinganyo wa kwanza, ukakubali. Wa pili, ukakubali. Nililia, wifi. Ndwiga alikuja mbio akidhani kuna msiba.

Sasa usidhani nimekuwa mwerevu. Leo asubuhi nimefanya swali la mbuzi na kuku, nikapata kuku saba na nusu. Nimelirudia mara tatu, na yule nusu hataki kuondoka. Pia bado sijui kwa nini hasi mara hasi inakuwa chanya, na naona kama ni jambo waliloamua tu bila kutuuliza.

Ila mchana nilifunga kitambaa nikaenda sokoni, nikamkuta Salesio kwenye hoteli anakokunywa chai na vijana wanne wa darasa letu. Nikaweka daftari mezani, nikamwuliza kwa sauti, mbele yao wote, nusu kuku anatoka wapi. Kisha yule Njeru, ambaye siku zote huandika haraka kuliko sote, akasema polepole, "Hata mimi, mwalimu. Tangu ile ya ndoo sijaelewa. Nilikuwa nakopi tu."

Salesio ameita darasa la ziada kesho saa kumi. Anaanza upya, kwenye ndoo. Nitakuwa kiti cha mbele, kwa hiyo wifi, hata nikikupigia simu nikilia, ruhusa ya kuacha usinipe.

Mama anakusalimu na kukuuliza utazeekea huko? Ndwiga na Ciku wanakusalimu sana. Nisalimie Cicily mnayekaa naye. Mungu akulinde katika zamu zako, akurudishe kwetu ukiwa na mgongo mzima.

Mimi wifi yako nikupendaye kwa dhati,
Winrose