Bombe, Si Bomba

Berea, Johannesburg
14 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Mwanaasha,

Leo natimiza miaka thelathini na moja tangu niiache Tanga. Assalaam aleikum. Goti lako linaendeleaje, na ile presha? Zubeda bado anakupikia chakula kisicho na chumvi, au umemshinda? Mimi mzima, namshukuru Mungu, ila kifua kinanisumbua asubuhi, maana baridi ya huku haijatuaga.

Nilikuahidi kwamba mwezi ujao ningeteremka Tanga na ndege ninayoitengeneza. Soma taratibu, na usimsomee mtu kwanza.

Ndege yenyewe, kama nilivyokueleza, ni ya kudondosha mabomu, ya ile Vita Kuu ya Pili. Ilikaa miaka mingi kwenye nyasi za shamba la mtu. Bosi wetu alisema inapelekwa jumba la makumbusho huko kaskazini. Na kwa kuwa desturi ya kazi yetu ni fundi aliyeifunga ndege kuipanda wa kwanza, ningeruka nayo, tungejaza mafuta Tanga, nami ningeshuka. Ahadi ilikuwa tamu mno, sikuiuliza maswali.

Napiga ribiti, zile pini za kushikanisha mabati, pamoja na Alexis, Mkongo wa Lubumbashi. Mimi nakaa nje na nyundo ya upepo, yeye amejikunja tumboni mwa ndege akiegemeza chuma upande wa pili. Hatuonani, tunapigiana kelele kupitia bati. Wiki nzima nilimsikia akisema bomba zitakaa hapa kwenye kulabu, bomba zinataka nafasi. Nikadhani ni mabomba ya mafuta. Nikamwambia mabomba hayaning'inizwi kwenye kulabu, yanashikwa kwa vibano.

"Apana bomba, Mzee!" akapaza sauti. "Bombe! Ile inapasukaka! Miye nilizani bantu ya Tanzania munajua Kiswahili."

Kumbe kwao bombe ni bomu. Nilicheka mpaka nikakohoa. Kisha nikaingia tumboni kutazama.

Kulabu za kubebea mabomu ni mpya, zimepakwa grisi, na milango ya chini inafunguka kwa swichi. Ndege ya kutazamwa na watoto wa shule haihitaji hayo. Tangu hapo kila kitu nakitazama kwa jicho jingine. Namba za ubavuni zimekwanguliwa, na rangi mpya ni ya kijivu, bila bendera. Simu zetu zinabaki getini. Wageni wanaokuja hawaulizi habari za injini, wanapima tumbo tu. Nilimuuliza bosi ni makumbusho ya mji gani. Akajibu, kwa kile Kiingereza chake laini cha Randburg, kwamba mtu anayetaka kufika kwao haulizi sana.

Huenda nakosea. Nimesoma vitabu vingi vya vita, na vitabu humtia mtu wasiwasi. Lakini Alexis ana mama Kalemie, mashariki ya Kongo, upande wa vita, na juzi, tukila mkate, aliniuliza polepole, "Mzee, na kama inaenda kwetu?"

Ijumaa bosi alileta karatasi nitie sahihi kwamba ndege iko tayari. Nikasema macho hayaoni vizuri, nikachukua koti langu, nikatoka. Kesho mimi na Alexis tunakwenda kwa wakubwa wa usafiri wa anga kueleza tuliyoyaona. Watataka pasi yangu, nawe unajua ilikwisha muda wake zamani. Sitegemei waniachie nisafiri baada ya hapo, na kwa umri wangu kesi ndefu ni maisha yaliyobaki.

Chumba ulichonipakia chokaa mpe Samira na mwanawe. Dirisha lile la upande wa mnazi lifungwe vizuri, huingiza mvua.

Nisalimie Zubeda, Shehe Twalib, na Fauzia wa nyumba ya nyuma kama bado ananikumbuka. Mungu alipe goti lako nafuu, na ndege yoyote ikipita juu ya paa lako iwe inapita tu.

Mwanaasha, sirudi.

Wako akupendaye,
kaka yako Ishaka